Namba ya Baba: Kuitafuta Historia ya Kiwanda cha Shaba cha Lubumbashi

Maneno haya niliyasema katika ukumbi mmoja wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, mbele ya wazee waliofanya kazi kiwandani, jamaa zao na wanafunzi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikiondoa tu marudio.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu vijana, jambo kwenu wote.

Nimekuja na karatasi moja tu. Ni kadi ya posho ya baba yangu, niliyoikuta chini ya sanduku la mama baada ya matanga yake. Panya wameila pembeni, na maji yamefuta jina. Kilichobaki wazi ni namba, iliyogongwa kwa muhuri wa wino wa zambarau. Ni matrikule yake ya kazini. Wenye umri wangu mnakumbuka: mama akienda kuchukua unga, samaki na mafuta, alitaja namba. Nami nilitumwa mara nyingi, kwa hiyo niliijua namba ile kwa moyo kabla sijajua kuandika jina la ukoo wetu.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari za mji huu kwa miaka 31. Nimefundisha Napoléon, nimefundisha Mkutano wa Berlin, nimechora ubaoni njia za misafara ya pwani. Moshi wa kiwanda ulikuwa unatuingilia madirishani. Tunafunga madirisha, tunaendelea na Napoléon. Siku moja mtoto akaniuliza, "Mwalimu, ile shemine, lile bomba la moshi, ni ya nani?" Nikamjibu, "Ya Wabelgiji," nikageukia ubao. Jibu lile halijaniacha mpaka leo. Nilipostaafu niliamua kwamba deni la yule mtoto nitalilipa, na haya ninayowaambia ndiyo malipo ya mwanzo.

Tuanze na moto wenyewe, maana moto ulikuwapo kabla ya shemine. Basanga, na baadaye Bayeke waliokuja na Msiri, waliyeyusha shaba katika nchi hii wakati ambapo hapakuwa na reli wala kampuni. Kazi ilikuwa ya kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Watu walihamia karibu na mashimo, wakachimba na kuokota jiwe la kijani, wakalichagua kwa mkono. Wengine walichoma makaa. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo ule unavumilia moto, na upepo ulipulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Mkuu wa wahunzi alikuwa na dawa zake na miiko yake, na wasiohusika hawakulikaribia tanuru. Shaba ilipotiririka ilimiminwa katika kalibu za udongo, ikatoka misalaba. Misalaba ile ilikuwa fedha. Mahari ililipwa kwayo, na biashara iliipeleka mbali sana na mahali ilipozaliwa. Wanaakiolojia waliochimba makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, waliikuta imelazwa pamoja na wafu, misalaba mikubwa kwa midogo, ya zamani kuliko kampuni yoyote ya Ulaya iliyokanyaga ardhi hii.

Nimekaa hapo kidogo kwa makusudi. Mwaka 1892 mjiolojia Jules Cornet alipita akiandika habari za mawe yetu. Mwaka 1899 George Grey alikuja na msafara kutoka kusini kutafuta madini. Ukisoma ripoti za watu hawa vizuri utaona kwamba mara nyingi walichokikuta ni mashimo ya kale: mahali palipochimbwa, pakayeyushwa, pakaachwa majivu na vipande vya udongo ulioungua. Basi kijana, ukikutana na neno "aligundua" katika kitabu, andika pembeni kwa kalamu ya risasi: nani alimwongoza? Nani alibeba mzigo, na nani alisema "ni pale"? Maswali hayo hayana jibu kila mara. Lakini yasipoulizwa, historia ya kiwanda chetu inaanzia katika ofisi ya London au Bruksela, nasi tunaingia ukurasa wa arobaini tukiwa na sururu begani.

Sasa wenye mali. Nilimwambia yule mtoto "Wabelgiji", na hilo halikuwa kweli hata nusu. Mfalme Léopold wa Pili alikuwa na dola yake ya Kongo, ndiyo, lakini Katanga ilitawaliwa na chombo cha pekee, Comité Spécial du Katanga, kilichoundwa mwaka 1900, chenye ardhi, chenye polisi, chenye kugawa haki za kuchimba. Upande wa pili alikuwapo Robert Williams, Mskoti, mtu wa karibu wa Cecil Rhodes, na kampuni yake Tanganyika Concessions yenye mtaji wa Waingereza. Pande hizo mbili, pamoja na benki kubwa ya Ubelgiji, Société Générale, zilizaa Union Minière du Haut-Katanga mwezi Oktoba 1906. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kiwanda kilikuwa na baba wawili waliokuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni. Katika miaka ya mwanzo mafundi wengi wa tanuru walitoka Uingereza, Afrika Kusini na Marekani, na Kiingereza kilisikika kiwandani kuliko Kifaransa. Wazee wetu waliokuja kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, hawakuhitaji mkalimani mpya.

Kwa nini kiwanda kikawekwa hapa? Jibu ni reli na maji. Mgodi wa Étoile, kule Kalukuluku, ulikuwa karibu. Mto Lubumbashi ulikuwa na maji. Na reli ya kutoka kusini ilivuka mpaka Sakania mwishoni mwa 1909, ikafika hapa mwaka 1910, mwaka ambao Emile Wangermée, mtawala wa Kibelgiji, alipima barabara za mji na kuupa jina la malkia, Élisabethville. Mashine zilikuja kwa reli hiyo. Makaa ya koke yalikuja kwa reli hiyo hiyo kutoka Wankie, Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Juni 1911 tanuru la kwanza likawashwa, na mwaka huo zikatoka karibu tani 1,000 za shaba, zikarudi kusini kwa treni hadi bandari ya Beira, zikapanda meli kwenda kusafishwa Ulaya.

Naomba vijana mwelewe tanuru lile lilivyofanya kazi, maana bila hilo hamtaelewa mengine. Waliliita water-jacket. Ni mnara wa chuma wenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo maji yanazunguka bila kusimama, ili chuma chenyewe kisiyeyuke. Juu unatia jiwe la shaba, koke na jiwe la chokaa. Chini unapuliza upepo kwa nguvu. Vyote vinashuka polepole vikiyeyuka. Shaba ni nzito, inakaa chini. Uchafu ni mwepesi, unaelea juu yake. Wahunzi wetu wa zamani waliuita mavi, mavi ya chuma, mavi ya shaba. Kila kimoja kina tundu lake la kutokea. Ukiona mzee amenyanyua mikono akieleza jambo hili, utaona mkono mmoja unakwenda juu na mwingine chini. Wote hufanya hivyo.

Tanuru la namna hiyo halilali. Upepo ukikatika, maji yakikatika, watu wakikosekana kwa muda, kilichomo kinaganda. Kikishaganda hakitoki kwa kumwaga, kinavunjwa kwa nyundo na patasi, siku baada ya siku. Ndiyo maana kulikuwa na zamu usiku na mchana, Krismasi na Pasaka. Ndiyo maana pia, nionavyo mimi, mwenye kiwanda alimwogopa mtu anayeacha koleo chini kuliko alivyomwogopa mwizi. Mwizi anachukua kipande cha shaba, lakini mtu anayeacha koleo anaua tanuru zima.

Karatasi za wenye mali zipo. Nyingi ziko Bruksela, katika Hifadhi ya Nyaraka za Serikali ya Ubelgiji. Nyingine, pamoja na picha, ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren. Ni mlima wa karatasi: mikutano ya wakurugenzi, barua, mikataba ya hisa, taarifa za kila mwaka. Kila tani ya shaba imehesabiwa. Tazama picha zao: mainjinia watano wamesimama mbele ya tanuru, na chini yao majina matano kamili, na vyeo. Nyuma yao watu ishirini wenye jasho, na maelezo yanasema tu "wafanyakazi wenyeji".

Nataka niseme wazi kwamba siwaambii mzitupe karatasi hizo. Nawaambia mzisome kwa upande wa nyuma. Ukikuta oda ya mablanketi, jua kwamba mablanketi yanahesabu watu. Msimu huo wameletwa wangapi? Ukikuta lawama kwamba koke imechelewa njiani, hapo tanuru lilipungua moto, na mtu alipewa nyundo. Ukikuta daktari anaomba vitanda zaidi, usipite. Miaka ya mwanzo watu walikufa kwa wingi katika kambi za wafanyakazi: nimonia, kuhara damu, homa ya matumbo, na mafua makubwa ya 1918. Waliletwa na Bourse du Travail du Katanga, iliyoundwa 1910 kutafuta vibarua, na wengi walitoka upande wa pili wa mpaka, kwa Wabemba na majirani zao. Walikuja kwa miezi michache, wengine hawakurudi, na makaburi yao mengi hayana alama.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia. Iliona kwamba mtu anayekaa ni faida kuliko mtu anayekuja na kuondoka, au kuja na kufa. Basi ikaleta watu kutoka Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi, ikawapa mikataba ya miaka mitatu, ikawaambia waje na wake zao. Ikajenga nyumba za matofali, hospitali, shule za mapadre. Watoto wakapimwa uzito, mama wakafundishwa kushona. Hapo ndipo ulipozaliwa ule usemi tuliolelewa nao, kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Najua katika ukumbi huu wapo watakaonikatalia nikisema neno baya juu ya kambi, kwa sababu waliponea hospitalini pale na kusoma pale. Wana haki. Mimi mwenyewe nilisoma pale. Lakini baba anayekulisha huku ameshika daftari la hesabu ni baba wa namna gani? Nimelizunguka swali hilo miaka mingi, na sitaki kulijibu kwa sentensi moja.

Desemba 1941 daftari lile lilifunguka kwa damu. Vita vilikuwa vinapiganwa mbali, shaba ya Katanga ilihitajika sana na Waingereza na washirika wao, bei za vitu zilipanda na mishahara ikabaki palepale. Wafanyakazi wakaacha koleo chini. Tarehe 9 Desemba walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa akisema kwa niaba yao, aliuawa uwanjani. Idadi iliyo katika taarifa ya serikali ni ndogo kuliko ile iliyobaki vinywani mwa familia. Nimewahi kuuliza jambo hili nyumba tatu za mtaa mmoja, na katika kila nyumba mtu alishusha sauti kwanza kabla ya kujibu, ingawa askari wale na wakubwa wao walikwisha kuzikwa zamani. Kwa mtafiti, kushuka kwa sauti ni habari. Iandike.

Nitapita haraka katika miaka ya 1960, maana vitabu vyake ni vingi. Uhuru, kisha kujitenga kwa Katanga tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, kodi za kampuni zikienda kwa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Kisha Mobutu. Siku ya kwanza ya mwaka 1967 mali za Union Minière hapa nchini zikawa za taifa, na kampuni mpya ikaitwa Gécomin, ambayo kupitia majina mengine ikawa Gécamines mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo shirika lililo chini ya Société Générale liliendelea kushika usimamizi wa ufundi na uuzaji wa shaba kwa mkataba. Mlango ulibadilishwa kibao, funguo zikabaki mfukoni mwa mtu yule yule kwa muda. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katika Katanga yote. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ukaja 1991, na kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi kama tani 30,000. Tanuru letu lilipoa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Wengine wao wameketi mbele yangu sasa, na wao ndio watakaoieleza siku ile, si mimi.

Lakini kuna jambo moja la wenye mali ambalo siwezi kulipita haraka. Ni ule mlima mweusi unaosimama kando ya shemine, terili. Tulicheza chini yake tukiwa watoto, na usiku tulikaa kutazama mavi ya moto yakimwagwa kutoka kwenye mabehewa, anga likawa jekundu. Tuliambiwa ni takataka. Sasa, mgodi wa Kipushi ulipofunguliwa katika miaka ya 1920, mawe yake yalikuja kuyeyushwa hapa, na mawe ya Kipushi yana zinki na vitu vingine ndani yake. Tanuru lilitaka shaba tu. Zilizobaki, pamoja na kobalti, zilikwenda terili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likajengwa tanuru la umeme chini ya mlima huo, la kampuni ya STL, iliyounganisha Gécamines, kundi la Forrest na kampuni ya Kimarekani OMG. Wakaanza kuyayeyusha upya mavi yale na kupeleka kobalti Kokkola, Finland. Baadaye STL ikawa ya Gécamines peke yake. Na mwaka 2024 ikaanza kutoa germanium kutoka mabaki yale yale, madini yanayotumika katika nyaya za intaneti na vioo vya kuonea gizani.

Mnunuzi ni nani? Ni kampuni ya Ubelgiji iitwayo Umicore. Vijana, jina hilo lifuateni nyuma. Kabla ya 2001 lilikuwa Union Minière.

Nilipoelewa hilo nilikaa kimya muda mrefu. Mwenye mali alibadili jina, akabadili mji mkuu wa hesabu zake, tanuru likapoa baada yake, na miaka karibu sitini baada ya kuondolewa amerudi kununua kile alichokitupa mwenyewe chini ya mlango wetu. Sisemi ni uovu. Biashara inafanywa kwa mkataba, na Gécamines imeutia saini. Ninachosema ni kwamba aliweza kurudi kwa sababu karatasi zake ziko sawa. Anajua nini kiliyeyushwa hapa, mwaka gani, kutoka mgodi upi.

Je, za kwetu ziko wapi?

Nilikwenda kuzitafuta za baba. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ambamo faili za wafanyakazi wa zamani zimewekwa. Mara ya kwanza niliambiwa nirudi, na mara ya pili pia. Paa lilikuwa linavuja na mabunda ya chini kabisa yalikuwa yameshikana kama mkate uliolowa. Mara ya tatu nilimkuta karani mzee. Nilimtajia jina la baba akatikisa kichwa. Na alikuwa na sababu. Makarani wa zamani waliandika majina yetu kama masikio yao yalivyosikia, kwa hiyo mtu mmoja ana tahajia nne. Mwaka 1972 Mobutu akakataza majina ya Kikristo, na mtu aliyeingia kazini akiitwa Joseph akastaafu kwa jina la babu yake. Kijiji kimebadili jina, mkoa umeitwa Katanga, ukaitwa Shaba, ukarudi Katanga. Kamalondo hii tuliyomo iliitwa Albert. Jadotville imekuwa Likasi. Ukitafuta kwa jina utazunguka mwaka mzima.

Yule mzee akaniuliza, "Uko na matrikule?"

Nikaitoa kadi hii. Hatukumaliza saa moja.

Faili lilikuwa jembamba. Kijiji cha baba kimeandikwa kwa namna tatu. Urefu wake, uzito wake, chanjo. Faini mbili: moja kwa kuchelewa zamu, nyingine kwa sababu sikuweza kuisoma. Kisha karatasi ya familia, kwa ajili ya posho. Mke mmoja. Watoto, kila mmoja kwa mstari wake, pamoja na tarehe. Nikajihesabu, nikajikuta mimi ni wa tatu. Nyumbani mimi ni wa pili. Juu yangu kulikuwa na mstari wa msichana, jina limelowa halisomeki, na mbele yake neno moja: posho imeondolewa, na tarehe. Aliishi miezi kumi na minne.

Baba hakuwahi kumtaja. Mama hakuwahi kumtaja. Nina umri wa kuwa na wajukuu, na dada yangu nilimkuta katika hesabu ya unga.

Nilipanda basi kwenda Likasi kwa shangazi, mdogo wa baba, ambaye macho yake hayaoni tena. Nikamsomea mstari ule. Alikaa, kisha akalitaja jina, bila kusita, kama la mtoto aliyetoka nje kuchota maji. Akaniambia aliugua nini, ni nani aliyembeba kwenda hospitali ya kambi, na kwamba baba alikwenda zamu ya usiku siku ile ile ya maziko kwa sababu hakuwapo wa kumshikia nafasi tanuruni. Kampuni ilikuwa na tarehe. Shangazi alikuwa na jina. Hakuna kati yao aliyekuwa na vyote viwili, na kama ningechelewa mwaka mmoja nisingekuwa na lolote, maana shangazi tumemzika Aprili.

Kwa hiyo ninyi wanafunzi mnaokwenda kuuliza wazee, sikilizeni. Msiende na swali la "tueleze historia ya Gécamines". Mzee atawapa hotuba, nayo itafanana na ya mzee mwenzake, na mtarudi na maneno ya redio. Mwulizeni viatu vyake vilikuwa vya nini, vya ngozi au vya mbao. Mwulizeni zamu ya usiku ilianza saa ngapi, na alikula nini kabla yake, na nani alimwamsha. Mwulizeni alijuaje kwamba shaba imeiva: kwa rangi, kwa sauti, kwa harufu? Kapita wake, yaani msimamizi wake, aliitwa nani, na nyuma ya mgongo wake walimwitaje? Mnyamazieni akinyamaza. Na mama zetu mwaulizeni vilevile, kwa sababu mwanamume anajua tanuru lakini mama anajua posho, na posho ndiyo iliyoandikwa.

Tena mwandike kwa Kiswahili chetu, kama wanavyosema. Msimnyooshee mzee lugha. Mwaka 1965 waliokuwa maboi wa nyumba za wazungu hapa Élisabethville waliandika historia ya mji huu, ya kampuni hii na ya wakubwa wake. Aliyeishika kalamu ni André Yav. Waliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, kwa mashine ya chapa, bila kumwomba profesa ruhusa. Leo maprofesa wa nchi za mbali wanaisoma mstari kwa mstari. Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi nacho, kupitia watu kama Donatien Dibwe dia Mwembu, kimekusanya sauti za wafanyakazi kwa miaka mingi, na makumbusho ya mji huu yamefanya maonyesho ya vitu vya nyumbani vilivyoletwa na wenyewe: ndoo, radio, sare za kazi. Njia imekwisha fyekwa. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, nasi humu ndani wote ni wana wa wahunzi.

Ninachowaomba leo ni kidogo. Kila mwenye kadi ya posho, kitabu cha kazi, medali, picha ya timu ya mpira wa kambi, karatasi ya hospitali, hata bahasha tupu yenye muhuri, tunataka kuipiga picha hapa hapa na kukurudishia mkononi dakika hiyo hiyo. Hatuchukui kitu cha mtu. Picha ikiwa ya watu, tutaiweka mezani na kuwauliza ninyi majina, kutoka kushoto kwenda kulia, na tutayaandika nyuma kwa kalamu ya risasi, si kwa wino, maana wino unapenya na kuharibu uso wa picha. Asiyekuwa na karatasi aje na namba. Najua wengi mnazikumbuka. Namba mkiitaja tutaiandika pamoja na jina kamili, jina la mke, na majina ya watoto wote, waliopo na wasiopo.

Meza imewekwa pale mlangoni, na vijana wawili wamekaa tayari. Mzee wangu wa mstari wa pili, uliyeingia na bahasha ya kahawia na hukuiweka chini tangu nianze kusema, njoo, tuanze na wewe.